Ndoo Isiyonata

Ndoo ya bati ilikaa juu ya meza ya Mkuu wa kituo cha polisi, imefungwa karatasi ya ushahidi kwenye mshikio, kama mgeni aliyevalishwa kitambulisho mlangoni. Mama Jivu aliitazama kwanza kwa mbali. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena, ndipo akasogea.

"Naweza kuingiza mkono?"

"Ingiza tu, mama. Ndoo ya asali hiyo," Mkuu akasema. "Yule mrina asali, Redio, alikamatwa nayo akitoka msituni mbio, moto unawaka nyuma yake. Halafu chini ya mti wa mizinga tumeokota kienge, kile cha moshi wa kufukuzia nyuki. Mrina asali, kienge, ndoo, moto. Kumebaki nini tena? Kesho asubuhi anasimama mbele ya hakimu. Na kwa kuwa mkewe amekufa kwenye moto huo, kosa halitaitwa kuchoma msitu. Litaitwa kuua."

Mama Jivu alikuwa mpelelezi wa moto. Nyumba ikiungua, ghala likiungua, soko likiteketea, anaitwa yeye, anapiga magoti kwenye majivu anayauliza yalikotoka. Suruali zake zote zilikuwa nyeusi magotini, ndiyo sababu huvaa kitenge juu yake akiingia ofisini kwa watu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Alipitisha kidole kwenye sakafu ya ndoo. Kikatoka na unga wa kijivu. Akausugua kati ya vidole viwili, akaunusa.

"Mwanangu, nyumbani kwako nani anaosha vyombo?"

"Mke wangu," Mkuu akasema, kwa aibu kidogo.

"Basi leo ukirudi muulize asali inaoshwaje. Hatakwambia inaondoka kwa kupanguswa. Inang'ang'ania. Mwezi mzima sisimizi bado wanaijua njia. Ndoo hii hainati. Halafu mrina asali hatii asali kwenye bati hata umshikie panga, maana inabadilika ladha na hakuna atakayeinunua. Hili humu ndani ni tope la mto."

"Labda alichota maji ya kunywa."

"Ndoo nzima? Alikuwa na kiu ya ng'ombe?"

Mkuu akacheka, kisha akakumbuka kwamba kuna mtu amezikwa juzi, akajikohoza. Akachukua funguo.

Mahabusu walikuwa na chumba kimoja chenye dirisha la juu. Mrina asali alikaa ukutani, magoti kifuani. Watu walimwita Redio kwa sababu tangu utoto wake hakunyamaza. Hata akipanda mti mrefu watu waliendelea kumsikia akiwasimulia nyuki habari za mji. Sasa alikuwa na siku nyingi hajasema zaidi ya maneno matatu.

"Redio imeisha betri," Mkuu akanong'ona, akawaachia mlango.

Mama Jivu akakaa sakafuni, mkabala naye.

"Pole kwa msiba, baba."

Akatikisa kichwa.

"Uliwasha kienge siku ile?"

Kimya.

"Ulikwenda na ndoo kufanya nini?"

"Andikeni mnavyotaka, mama," akasema. "Mimi nitaweka dole gumba."

Mama Jivu alikuwa amekaa na waongo wengi maishani mwake. Mwongo hukuletea maneno hata usiyomwomba. Huyu alikuwa ameyafungia ndani kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo.

*

Msituni hapakuwa na hata ndege. Miti ilisimama myeusi, na chini yake majivu mepesi yaliruka kila alipoweka mguu. Mama Jivu alikuwa na mfuko wa vibendera: vyekundu anachomeka pale moto ulipokimbia, vya njano pale ulipopita upandeupande, vya buluu pale ulipotembea kinyumenyume ukipingana na upepo. Moto ni mtu mwenye haraka asiyefuta nyayo zake. Jiwe linabaki jeusi upande ule alikotokea. Nyasi zikiungua miguu, vichwa vyake huangukia huko huko alikotokea, kama watu wanaogeuka kumwangalia aliyewapita.

Alianza kwenye mti wa mizinga. Mizinga yote mitatu ilikuwa imeungua ikiwa imejaa; nta ilikuwa imetiririka ikagandia kwenye shina. Hakuna mtu aliyerina asali hapo. Kile kienge alikuwa amekiomba kituoni, akakitoa kwenye mfuko. Kienge kilichotumika huwa kimeungua kichwa kimoja, kwingine kizima, maana ndiko anakoshika mtu. Hiki kilikuwa cheusi sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Juu ya tawi aliona kipande cha waya ambacho kienge kilikuwa kimetundikwa nacho kusubiri msimu. Kilianguka chenyewe mti ulipoungua.

"Umesingiziwa, maskini," akakiambia, akakirudisha mfukoni.

Mawe ya hapo yalikuwa meusi upande wa mashariki. Basi akaelekea mashariki, akiinama, akichomeka, akiinuka kwa kushika kiuno. Akapita kitalu cha miche. Hapo hakukaa. Viriba vya plastiki vilikuwa vimeyeyuka vikashikamana, na kwenye kona karibu na bomba mtu alikuwa ameweka shada la maua ya shambani. Hapo ndipo binti wa mlinzi wa msitu, mke wa Redio, alipokutwa. Moshi ulimaliza kazi kabla ya moto kufika.

Vibendera vyekundu vikaisha, vikaja vya njano, vikaja vya buluu, vyote vikazidi kubanana kama watoto wanaogombea dirisha, mpaka vikazunguka mahali padogo pasipotosha hata kutandika mkeka. Mama Jivu akasimama.

Alikuwa ukingoni mwa kinga ya moto. Kinga ni ukanda wa ardhi unaochomwa makusudi kila mwaka mpakani mwa msitu, ili moto wa mashambani ukija ukose cha kula. Ukanda huo ulikuwa umechomwa vizuri, kwa mkono unaojua kazi. Lakini katikati yake palikuwa na shimo lililokuwa kisiki zamani. Kisiki kilikuwa kimeisha chote, na mizizi nayo imeisha, imeacha matundu ardhini yenye umbo la mizizi ile ile. Tundu moja lilipita chini kwa chini, likavuka kinga, likatokea upande wa pili, kwenye nyasi za msitu.

Akaingiza fimbo yake ya chuma tunduni, akasubiri, akaitoa, akaigusa. Ilikuwa na joto bado.

Na pembeni mwa tundu palikuwa na tope lililokauka na kupasuka kama ngozi ya kisigino. Mvua haikuwa imenyesha. Kuna mtu alimwaga maji hapo. Akamwaga, akarudi mtoni kuchota mengine, na aliporudi alikuta amechelewa.

Mama Jivu akabaki ameshika fimbo. Alijua ni nani aliyekuja na ndoo. Na kazi ya kuchoma kinga, msitu mzima ulikuwa na mtu mmoja tu.

*

Mzee Kinga, mlinzi wa msitu, alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kiti kimoja kati ya viti vya msibani ambavyo bado hajavirudisha. Mjumbe wa mtaa alikuwa amekuja mara mbili kuviomba, akaona uso wa mzee, akaondoka.

"Karibu, dada. Umekuja kuniambia atafungwa lini?"

"Nimekuja kuuliza, kaka. Nikiuliza vya kijinga unisamehe."

"Nilimpa binti yangu kwa mkono huu," mzee akasema, akautazama mkono kama si wake. "Mwenye midomo mingi vile, nikasema hewala, nyumba yake haitakosa kicheko. Kumbe..."

Mama Jivu akaiacha sentensi ianguke yenyewe.

"Kinga mwaka huu ulichoma lini?"

"Ulipochanua ule mti wa maua mekundu wa langoni. Baba yangu alikuwa akichoma ukichanua, nami nachoma ukichanua. Nikamaliza ya mashariki asubuhi, ya magharibi mchana. Siku moja zote. Watu wazima tunafanya hivyo."

"Na huo moto wenu mnauzimaje?"

"Kuzima?" Kwa mara ya kwanza mzee akakaribia kutabasamu. "Dada, wewe ni mtu wa mjini. Jua likishuka tunaondoka. Umande unamalizia. Asubuhi ukipita ni baridi kama uji wa jana. Hata baba yangu hakuwahi kubeba maji kwenda kuzima kinga, angechekwa."

Mlangoni palikuwa na jozi ya mabuti ya mpira. Mama Jivu alikuwa akiyatazama tangu aingie. Kwenye mdomo wa kila buti buibui alikuwa amefuma utando, na utando wenyewe ulishakuwa mzito kwa vumbi.

"Yale yametoboka?"

"Yale? Mazima kabisa. Ya kazi yale, ya kupitia nyasi alfajiri, la sivyo unalowa hadi magotini. Lakini siku hizi sina haja nayo. Naenda na ndala na narudi mkavu."

Alisema hivyo, akaendelea kutazama mkono wake. Hakuwa amesikia alichosema mwenyewe. Mama Jivu alikisikia kwa niaba yake. Akaomba maji, akanywa taratibu, akaaga.

*

Mpima hali ya hewa alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu kwenye nywele. Kituo chake kilikuwa kibanda cheupe chenye miguu, kimewekwa katikati ya uwanja wa majani, na ofisi ya chumba kimoja yenye feni iliyokuwa ikilalamika.

"Nina swali la bibi kizee," Mama Jivu akasema. "Umande umekwenda wapi?"

Kijana akaacha kuandika. "Wewe ni wa kwanza kuniuliza. Wote wanauliza mvua." Akageuza kompyuta ili waone pamoja. "Tazama usiku. Huu mstari ni joto la usiku, miaka ilivyokwenda. Unapanda. Usiku wetu haupoi tena kama zamani, na hewa yenyewe imekuwa na kiu. Umande ni mpaka hewa ipoe vya kutosha imwage maji yake. Msimu huu wa kiangazi haikumwaga. Mwaka jana, mara mojamoja. Chini ya majani makavu, ile mboji inayokaa na unyevu mwaka mzima, nayo imekauka hadi kwenye mizizi."

"Na mti unaochanua maua mekundu?"

"Unadanganywa na joto, mama. Unachanua wakati siyo wake."

"Nikiwa na makaa kwenye kisiki, nikayaacha jioni. Zamani yangezimika?"

"Zamani karibu kila mara."

"Na sasa?"

"Sasa yanashuka kwenye mizizi, yanakaa. Siku tatu, wiki, zaidi. Yanasubiri upepo." Akachomoa kalamu kwenye nywele, akaizungusha. "Lakini usiniweke kizimbani niseme mabadiliko ya tabianchi ndiyo yaliyowasha. Moto mmoja siwezi kuuapia. Aliyewasha ni mtu. Mimi ninachoweza kuapa ni kwamba aliyekuwa akizima hayupo."

"Hiyo inanitosha," Mama Jivu akasema. "Ingekuwa heri isinitoshe."

*

Redio alikuwa pale pale, ukutani.

"Kitendawili," Mama Jivu akasema, akikaa.

Redio akakuna goti.

"Hata kitendawili huitikii? Umekuwa mtu mbaya kiasi hicho?"

"Tega," akasema, kwa sauti ya mtu anayedai apumzishwe.

"Mgeni wangu huja usiku bila kubisha hodi, anawaosha miguu wote wapitao, jua likimwona anatoroka."

Redio aliutazama ule ukuta. Midomo ikaanza kumcheza.

"Umande," akasema. "Na haji tena, mama. Haji tena."

Ndipo betri ikarudi, na yote yakatoka kwa pamoja. Alikuwa akienda kuangalia mizinga. Akaona moshi mwembamba kama wa sigara unatoka ardhini, kwenye nyasi, ng'ambo ya kinga. Akaenda kitaluni kuchukua ndoo. Akamwaga ya kwanza, ardhi ikapiga kelele kama kikaango. Akarudi mtoni. Upepo ukaja.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba ni kinga yake?" Akajifuta uso kwa mkono wote. "Ameshamzika mtoto. Mwache aamini ni mimi. Mimi nikifungwa nitatoka siku moja. Yeye akijua, atatoka wapi? Nakuomba, mama. Nakushika miguu."

Na kweli akaishika. Mama Jivu hakuiondoa mikono yake. Alikaa hivyo mpaka Mkuu akachungulia na kuondoka tena.

"Ningekuachia," akasema mwishowe. "Labda ningekosea, lakini ningekuachia. Ila mkweo alichoma kinga mbili siku ile. Hii ya magharibi iko nyuma ya nyumba za watu, nyuma ya shule. Ina visiki. Anayejua kila kisiki kilipo ni yeye peke yake."

Redio akaachia miguu yake.

"Lazima aambiwe leo," Mama Jivu akasema. "Na ni lazima mimi nimwambie, kwa kuwa ndiyo kazi niliyojipa."

*

Mama Jivu alimwambia mzee akiwa amesimama, kwa maneno machache, bila kuzunguka. Kisiki, mizizi, tundu, umande. Mzee Kinga alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama anayeelekezwa dawa. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Yeye anajua?"

"Anajua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile, kaka."

Mzee akainuka. Akaingia ndani, akakaa sana, mpaka Mama Jivu akaanza kuogopa na kuukaribia mlango. Akatoka na majembe mawili.

Mkuu wa kituo alitia saini akinung'unika kwamba hajawahi kumtoa mtuhumiwa wa kuua akalime. Lakini alikuwa na mtoto katika shule ile. Alikuja mwenyewe, na askari wote aliokuwa nao, na madumu ya maji.

Redio alipomwona mkwewe kwenye kinga ya magharibi alisimama mbali, hakujua miguu aiweke wapi. Mzee akamtupia jembe. Likaanguka kati yao, naye akaliokota. Hawakusalimiana. Mzee akawa anatembea mbele, anasema, "Hapa palikuwa na mninga. Hapa mkuyu. Hapa," na kila aliposema walichimba. Visiki viwili vya kwanza vilikuwa vimekufa. Cha tatu, jembe lilipofunua mzizi, kikatoa moshi, na chini yake kitu chekundu kikafumbua jicho. Askari mmoja akaruka nyuma. Mama Jivu akamwaga dumu zima.

Kutoka hapo mzee hakuinua uso. Alichimba kama anayemtafuta mtu aliyefukiwa. Jua lilikuwa kali bado, mashati yamewagandia migongoni, na wanaume wale wawili walikuwa ndani ya shimo moja, jembe la huyu likiinuka la yule likishuka.

"Aliniona nikichukua ndoo," Redio akasema ghafla, bila kusimamisha jembe. "Akataka kuja. Nikamwambia asije, kule kuna moto. Nikamwambia, kaa hapa hapa kitaluni, usitoke mpaka nirudi." Jembe likashuka. "Baba, mimi ndiye niliyemwambia akae."

Jembe la mzee likabaki juu. Mama Jivu, dumu mkononi, hakusogea. Hata Mkuu aligeuka akatazama shule.

Mzee Kinga akalishusha jembe polepole, akaliegemea kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa mtiifu," akasema. "Tangu mdogo. Ukimwambia kaa, anakaa."

Kisha akapenga kamasi, akamwonyesha mkwewe mzizi uliokuwa ukifuka upande wake, wakaendelea kuchimba.